Aliyesimama Kushoto kwa Mhubiri

"Mkalimani, mke wako hajambo?"

Wauza dagaa wa Kibirizi walimsalimia hivyo, wakigongana mabega kwa kicheko. Naye, mwanamke mtu mzima, kitenge kimefungwa sawasawa kiunoni na kikapu mkononi, aliwajibu bila kutabasamu: "Hajambo. Ila amekataa kurudi."

Utani huo ulitoka kanisani. Mhubiri mmoja mgeni alikuja kutoa ushuhuda. Akasema, mimi nilikuwa mlevi. Mkalimani akageuza kwa Kiha, mimi nilikuwa mlevi. Mhubiri akasema, nilimpiga mke wangu mpaka akarudi kwao. Mkalimani akasema hayo hayo, kwa sauti ile ile ya chini, mikono imekunjwa tumboni. Watoto waliangua kicheko, na mama mmoja wa kwaya ikabidi atoke nje. Yeye hakutikisika. Kwake, mkalimani akisema "mimi" huwa si yeye. Kusema "anasema kwamba alikuwa mlevi" aliona ni umbea. "Huko ni kumsengenya mtu naye amesimama hapo," aliniambia.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Mjini hata watu wasiokanyaga kanisani walimwita Mkalimani. Mahubiri ya kanisa letu la Katubuka yalikuwa ya Kiswahili, na yeye aliyageuza Kiha, sentensi kwa sentensi, kwa ajili ya wazee wa mabenchi ya mbele waliokuja mjini wakiwa watu wazima, pamoja na familia zilizotoka Burundi, maana Kirundi na Kiha vinasikilizana. Wengine walisema kwao ni Kasulu. Wengine walisema la, mama huyu ametoka ng'ambo ya mpaka, sikilizeni anavyovuta maneno. Mimi sikumuuliza, naye hakuwahi kusema. Nilimfahamu kwa miaka kadhaa na vitu alivyoniambia kuhusu yeye mwenyewe vingeenea kwenye kiganja.

Alisimama kushoto kwa mhubiri, nyuma yake kidogo. Mhubiri akisogea, naye alisogea. Kuna wahubiri wanaotembea huku na huko kama mtu aliyepoteza funguo, na kwao alitembea nao, kushoto, nyuma kidogo, na sisi tulikuwa tukitazama miguu yao badala ya kusikiliza. Akisubiri sentensi aliinamisha kichwa upande wa mhubiri, kama mtu anayesikiliza mlangoni kama kuna mtu ndani. Hakuwahi kuongeza neno, na hata mimi nisiyejua Kiha niliweza kumfuata, kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa kimetangulia. Mgeni mmoja wa Dar es Salaam alichekesha kuhusu foleni za magari; Mkalimani akakigeuza kichekesho chote, neno kwa neno, na mabibi wa benchi la mbele wakamtazama kwa uso wa huzuni. Mmoja akasema amina. Mhubiri alimnong'oneza, "Mama, waambie nilikuwa natania." Akageuka na kuwaambia kwa Kiha: mama, waambie nilikuwa natania.

Mimi nafanya kazi kwenye steshenari karibu na stesheni ya treni. Ninachapa barua za watu, ninatoa fotokopi, na kila wiki nilichapa ratiba ya ibada ya kanisa. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, anayesoma kitu mara nyingi kabla ya kukiachia. Ujumbe wa simu wa mistari miwili naweza kuuandika mchana kutwa, na mwisho nisiutume. Sina marafiki wengi. Nasema hivi si kwa kutaka kuonewa huruma. Nataka tu ieleweke kwa nini msichana wa umri wangu alikuwa anakwenda kukaa na mama wa watu, jioni baada ya jioni, kwenye ngazi za nyumba ya vyumba vya kupanga, bila mazungumzo ya maana.

Kilichonipeleka kwake mara ya kwanza ni jambo la mpangilio wa maneno. Ninaogopa kulieleza vibaya, lakini bila hilo mtu huyu haeleweki.

Kwenye Maandiko ya kale, yale yaliyoandikwa kwa Kiebrania, kawaida ni tendo kutangulia. Akaondoka mtu. Akalia mwanamke. Hadithi inatembea hivyo, tendo mbele na mtendaji nyuma, mpaka sikio linazoea. Kisha mwandishi anageuza. Anamweka mtu mbele, au kitu mbele, na tendo linasubiri. Anataka umtazame huyo mtu kabla hujajua amefanya nini. Mimi nilijifunza hayo kwenye simu, kwa bando la jioni, kutoka kwenye vitabu vya bure vilivyopigwa picha vibaya, bila mwalimu, na mpaka leo sijui kama matamshi yangu yangemchekesha Mwebrania au yangemliza. Mkalimani hakujifunza popote. Aliyasikia tu ndani ya Kiswahili, pale ambapo waliotafsiri zamani walikuwa wameyaacha yalivyo.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa injili ufukweni Kibirizi, karibu na mitumbwi inapovutwa. Mhubiri alisoma habari za nabii aliyemkimbia Mungu. Aliondoka, akashuka bandarini, akapata chombo, akalipa nauli, akapanda. Mkalimani aliyafuata matendo hayo mbio mbio, moja juu ya kisigino cha jingine. Ndipo ikaja sentensi ya Mungu kutupa upepo baharini.

"Imana," alisema. Mungu.

Akanyamaza.

Mhubiri alimtazama. Kwaya ikamtazama. Wavuvi waliokuwa wamekaa kwenye kingo za mitumbwi, wasiosikiliza, wakainua vichwa. Yeye alikuwa ameinamisha uso na kulifumba lile neno mdomoni, na nyuma yake ziwa lilikuwa limetulia tuli.

"Imana imefanya nini?" mvuvi mmoja akapaza sauti. "Sema basi, mama! Wenzetu wako majini!"

Watu walicheka, lakini nusu yao waligeuka kutazama maji. Hapo ndipo alipomalizia kuhusu upepo, polepole. Na mimi nilirudi chumbani nikafungua simu, nikakuta kwamba pale pale, katika Kiebrania, mtiririko wa matendo unakatwa na jina la Mungu linatangulia peke yake. Sikulala vizuri kwa furaha. Kesho yake nilimfuata.

"Shikamoo, Mama Mkalimani."

"Marahaba. Umeleta ratiba?"

"Hapana. Nimekuja kuuliza. Jana, kwa nini ulisimama pale?"

"Wapi?"

"Baada ya kumtaja Mungu."

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini amevaa viatu. "Aliyeandika amesimama pale. Mimi ni nani nimpite?"

Nilipomwonyesha kwenye simu maneno ya Kiebrania, yanayosomwa kutoka kulia, alikunja uso na kusema maandishi yale yanafanana na sisimizi. Hakushangaa hata kidogo kwamba alikuwa sahihi. Hilo lilinikera kidogo.

Kwa hiyo nilifurahi, nakiri, nilipomkamata akikosea. Na alikosea mara nyingi. Kuna wakati alisimama kwa kishindo mahali ambapo mwandishi alikuwa akipita tu, sentensi ya kawaida kabisa ya mtu kupanda punda. Nikamwambia.

"Basi hapo nilisimama kwa ajili ya pumzi," alisema.

"Ulifumba macho, Mama."

"Pumzi ya mzee inataka macho yafumbwe."

Alinuna. Kwa majuma kadhaa nilipokaa kwenye ngazi zake alikuwa akichambua mchele akiwa amenipa mgongo. Alikuwa na majivuno yake. Alitaka maji yake mimbarini yawe kwenye glasi, si kikombe cha plastiki. Aliwadharau wakalimani wa makanisa mengine. Alisema mmoja anafupisha kama fundi nguo mwizi. Vijana wa kwaya walimwita Mama Mapozi, na mchungaji wetu, kijana mwenye adabu, alikuwa akimwambia kwa upole baada ya ibada, "Mama, muda nao unakwenda." Yeye alijibu ndiyo, na Jumapili iliyofuata alisimama tena pale pale alipotaka.

Rafiki yake wa kubishana naye alikuwa muuza mafuta ya mawese wa Ujiji, mzee Mwislamu ambaye alimuuzia kwa miaka mingi. Siku moja nilimsindikiza, wakashikana juu ya jambo hili hili.

"Nyie kanisani mnapindua maneno," mzee alisema, akimimina mafuta. "Huyu binti ameniambia. Mara nyuma mbele, mara mbele nyuma. Mtu akitaka kusema, aseme moja kwa moja."

"Mzee, ukipata msiba unasemaje?"

"Nasema kama watu wote. Fulani hatunaye."

"Umemtanguliza fulani."

"Sasa nimtangulize nani?"

"Ungesema, hatunaye fulani."

Mzee aliacha kumimina. Akajaribu maneno yale kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Hiyo ni kama mtu amepotelewa na mbuzi," alisema.

"Sawa. Tujazie."

Njiani aliniambia kuwa ufukweni wanawake hujua habari kabla haijafika, kwa jinsi inavyoanzwa. Mtu akija na kusema, wamerudi akina fulani, unaendelea kukoroga sufuria. Akisema, mtumbwi umerudi, unaweka mwiko chini. Sikuthubutu kumuuliza kama aliwahi kuwa mmoja wa wanawake hao. Aliyasema huku akitazama barabarani, na niliona ni kama anageuza maneno ya mtu mwingine.

Maana hilo ndilo jambo la ajabu kwake. Mtu aliyejua hivyo neno lipi litangulie, hakuwa na lake la kusema. Dukani alinyoosha kidole. Ukimuuliza atakula nini, alisema chochote. Ukimuuliza mahubiri yalikuwaje, alisema marefu. Nyumbani kwake hakukuwa na redio. Mwanawe mmoja alikuwa Mwanza, alipiga simu, na mimi nilisikia upande wake wa mazungumzo zaidi ya mara moja: ndiyo, ndiyo, tunamshukuru Mungu, ndiyo, haya baba. Akikata simu aliiweka pajani na kuitazama. Jioni zile tulikaa watu wawili, mmoja asiyesema na mmoja anayeogopa kusema vibaya, na juu ya mapaa ya mabati tuliona kipande cha ziwa chenye rangi ya sufuria. Nilidhani huo ni urafiki. Bado nadhani hivyo.

Ndugu wawili waliopeleka sadaka, mmoja akakubaliwa na mwingine akakataliwa, alikuwa na maoni juu yao. Alisema ukisikiliza vizuri utaona hawakutajwa namna moja. "Mdogo, tendo limemtangulia. Ametazamwa, kisha ndipo ametajwa. Mkubwa, yeye jina lake limewekwa mbele. Limetajwa, likaachwa limesimama hapo peke yake, kisha likaambiwa hapana." Alipepeta mchele. "Kwa hiyo ukisikia jina lako limetangulizwa, mwanangu, usiwahi kufurahi."

Nilikumbuka maneno hayo Jumapili mchungaji aliposimama kwenye matangazo na kuanza, "Mkalimani wetu mpendwa."

Yeye alikuwa kushoto kwake. Akaligeuza kwa Kiha: mkalimani wetu mpendwa. Nilimwona akisimama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Amelitumikia kanisa hili kwa uaminifu mkubwa."

Akageuza.

"Lakini vijana wetu wengi wanaelewa Kiswahili, na ibada imekuwa ndefu."

Akageuza.

"Kwa hiyo baraza la wazee limeona kwamba kuanzia mwezi ujao, ibada itakuwa ya Kiswahili peke yake."

Sauti haikutetemeka. Aliyaweka maneno kama yalivyowekwa, na mabibi wa mbele wakaisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake mwenyewe. Bibi mmoja akauliza kwa Kiha, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. Mkalimani akamgeukia mchungaji: "Bibi anauliza, ni nani anasema hayo?"

Mchungaji aliona haya. "Mwambie ni baraza, Mama."

Akamwambia bibi: ni baraza, mama.

Kisha wakampa zawadi, kitenge na blanketi, na wakampa kipaza sauti ili aage. Yeye alikishika kama alivyokishika miaka yote, akainamisha kichwa upande wa mchungaji, akasubiri. Mchungaji akatabasamu. Yeye akasubiri. Watu wakaanza kukohoa.

"Sema tu chochote, Mama," mchungaji alinong'ona.

Akatugeukia na kusema kwa Kiha: sema tu chochote, mama.

Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, mpaka nilipouona uso wake. Hakuwa anatania. Alikuwa amengoja sentensi, ikaja, akaifanyia kazi yake. Kwaya ikaokoa jahazi kwa wimbo.

Mwezi uliofuata alikaa benchi la mbele na mabibi zake. Mahubiri yalipoanza alianza kuwanong'oneza, na wao wakamwegemea kutoka pande zote, wale wa mbali wakiweka kiganja nyuma ya sikio. Mhudumu mmoja kijana alikuja akachuchumaa mbele yake. "Mama, samahani, tunaomba utulivu. Sauti inaingia kwenye maiki." Jumapili iliyofuata hakunong'ona. Mabibi walikaa kimya na kutazama mdomo wa mchungaji. Wiki baada ya wiki wakapungua, huyu mgonjwa, huyu njia imekuwa mbali.

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Lilimsumbua. Alinifuata steshenari, akasubiri wateja waishe, akaniambia, "Wewe ndiye unakaa naye. Siku ya shukrani ya mavuno nitampa nafasi aseme yake. Si kutafsiri. Yake. Msaidie aandae." Nilikubali haraka. Niliona wazi kinachokuja. Kama mama huyu hatasema siku hiyo, mbele ya watu waliomsikiliza maisha yao yote, basi hatasema kamwe, na atakufa akiwa amesema maneno ya kila mtu isipokuwa yake.

Nilijiandaa kupita kiasi, kama kawaida yangu. Nilimtafutia yule mjane aliyerudi kwao kutoka nchi ya ugeni, wanawake wa mji wakamzunguka kumwuliza kama ni yeye kweli. Jibu lake, katika Kiebrania, limepangwa kwa namna inayouma. Linaanza na yeye mwenyewe, kisha kujaa kwake, kisha ndipo kuondoka. Na upande wa pili linaanza na utupu, ndipo Mungu anamrudisha. Nililigeuza na kuligeuza mpaka nikapata Kiswahili chake: mimi, nimejaa, nilikwenda, na mtupu, ndivyo Bwana alivyonirudisha. Nililichapa kwa herufi kubwa na kumpelekea.

Akanisikiliza nikimsomea.

"Zuri," alisema. "Umelipanga vizuri."

"Unaweza kuanza nalo. Halafu uendelee na yako."

"Hilo lina mwenyewe."

"Ndiyo, lakini linakufaa, Mama. Ni kama…"

"Lina mwenyewe, mwanangu. Nikilisema, nitakuwa nalitafsiri."

Nikamwambia basi aseme sentensi moja tu, yoyote, hapa hapa, mimi na yeye. Alifungua mdomo. Aliangalia kushoto, aliangalia kulia, pale ambapo mhubiri angesimama. Kisha akaniambia nimsomee tena lile la mjane.

Siku ya shukrani watu walileta migomba mizima, mihogo, madebe ya mawese, kuku waliofungwa miguu. Mchungaji alimwita kutoka mbele. Akamwita tena. Mwenye nyumba wake, aliyekuwa kwenye kwaya, akasema mama aliondoka asubuhi na begi, na blanketi la zawadi kichwani. Amekwenda Kalinzi kwa dada yake. Mchungaji akanitazama mimi, na mimi nikatazama karatasi ya ratiba.

Nilikaa miezi kabla ya kwenda. Niliandika ujumbe mwingi ambao sikuutuma, maana ningemwandikia nini mtu ambaye angejibu ndiyo, tunamshukuru Mungu? Mwishowe mchungaji ndiye aliyenisukuma. Mabenchi ya mbele yalikuwa matupu, na baraza limekaa tena. Aliniomba nipeleke maneno yake.

Kalinzi ni juu, na baridi yake huiamini mpaka uwe nyuma ya pikipiki bila koti. Bodaboda aliniacha penye kijia kati ya migomba na mibuni, akasema atanisubiri kidogo, ana abiria mwingine wa kushuka. Nilimkuta Mkalimani uani amekaa kwenye mkeka, karibu na dada yake, mwanamke mkubwa kuliko yeye ambaye macho yake yalikuwa meupe, haoni. Dada huyo hakujua Kiswahili zaidi ya salamu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umepauka kwa vumbi."

Binti wa nyumba alituletea kahawa, iliyotoka kwenye mibuni yao wenyewe, wameikaanga na kuitwanga hapo. Ilikuwa kali na tamu sana. Dada alisubiri asikie nimeonja, nikasifu, Mkalimani akageuza sifa yangu, na dada akatikisa kichwa kwa fahari.

Nikatoa maneno ya mchungaji. Nilikuwa nimeyakariri. "Mimi na baraza tunakuomba urudi."

Dada akauliza mgeni anasema nini. Na Mkalimani, palepale mkekani, akainamisha kichwa na kumgeuzia: mimi na baraza tunakuomba urudi.

"Jumapili moja kila mwezi, ibada itakuwa ya Kiha pia."

Akageuza.

"Tulikosea kukuondoa bila kukuuliza."

Akageuza hilo pia, kwa sauti ile ile.

Dada alipapasa ukingo wa kikombe chake. Kisha akajibu kwa Kiha, kirefu, na Mkalimani akanigeukia na kuniletea sentensi kwa sentensi, mikono imekunjwa. "Mimi sina la kusema juu ya hilo. Akienda nitabaki na giza langu, nimelizoea. Akikaa nitafurahi. Ila mimi nimechoka kukaa na mtu asiyesema. Tangu afike namuuliza hiki, ananiambia ndiyo. Namuuliza kile, ananiambia ndiyo. Mimi sioni uso wake. Nitamjuaje?"

Aliposema "nitamjuaje" sauti yake ilikuwa ya dada yake kabisa. Baada ya hapo alibaki ametazama katikati yetu. Nilimsubiri. Dada naye alimsubiri, amegeuza sikio. Kuku alipita juu ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

"Kurudi sirudi," aliniambia kwa Kiswahili. "Mwambie mchungaji asante, na kurudi sirudi."

Nilifungua mdomo nimuulize kwa nini, lakini alikuwa ameshageuka. Alikisukuma kikombe chake mbele, kilikuwa kimejaa, hakijaguswa, na akamwambia dada yake kwa Kiha sentensi fupi. Nilijua neno moja ndani yake, maana kahawa huko inaitwa karibu sawa na kwetu, na neno hilo ndilo lililotangulia. Mengine niliyaelewa kutokana na mkono wake. Kahawa hii siipendi.

Dada alishtuka. Aliuliza kitu, kwa haraka, kwa sauti ya juu. Mkalimani akajibu. Dada akauliza tena, akagonga goti lake kwa kiganja, na sikujua kama ni hasira au kicheko. Nadhani alikuwa anamuuliza tangu lini, maana Mkalimani alionyesha kwa mkono kimo cha mtoto mdogo. Sasa dada alikuwa anacheka kweli, huku machozi yakimtoka, akimpigia kelele binti aliye jikoni, na Mkalimani alikuwa anasema, anasema, kwa Kiha cha kasi ambacho sijawahi kukisikia kwake, bila kusimama mahali popote, wakikatizana, mmoja hajamaliza mwingine ameanza.

Niliinamisha kichwa nikimsubiri anigeukie. Hakunigeukia. Pale kwenye kijia bodaboda akapiga honi. Nikamaliza kahawa yangu, nikavuta na kikombe chake, nikanywa.